Ondřej Sosenka na rekodi ya saa moja: kwa nini ilidumu miaka 9

SWALI: Ninaandaa, kwa ajili ya klabu yetu ya baiskeli, orodha ya wanaume walioshika rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu ameuendesha peke yake uwanjani kwa saa moja. Baada ya Chris Boardman na kabla ya Jens Voigt nimekuta jina la Ondřej Sosenka wa Jamhuri ya Cheki, kilomita 49.700, mwaka 2005, na hakuna mwingine kwa zaidi ya miaka 9. Nimesoma kwamba alitumia baiskeli nzito kwa makusudi, na kwamba mwaka 2008 alipatikana na dawa iliyopigwa marufuku. Mtu huyu alikuwa nani, na aliwezaje kuishika rekodi muda mrefu hivyo ilhali hatajwi pamoja na mabingwa? Nimwandikeje katika orodha yangu?

JIBU: Ndugu msomaji, Sosenka alikuwa mwendesha baiskeli mzuri wa daraja la kati ambaye mwili wake ulilandana sana na jaribio moja, na jaribio hilo, katika miaka aliyoliendea, lilikuwa limefungwa kwa kanuni ambazo wakubwa wa mchezo hawakuona faida ya kuzihangaikia. Kwa hiyo miaka 9 unayoiona katika orodha yako inazipima kanuni zaidi ya inavyompima yeye. Nasema hivyo bila kumdharau, kwa kuwa kuendesha kilomita 49.700 kwa saa moja, peke yako, kwa gia moja na usukani wa kawaida uliopinda, ni kazi ambayo waendesha baiskeli wachache sana duniani wangeiweza.

Alizaliwa Prague mwezi Desemba 1975. Urefu wake ulikuwa takriban mita 2, na urefu huo ndio ufunguo wa kazi yake yote, ya barabarani na ya uwanjani. Mtu mrefu na mzito huadhibiwa mlimani, kwa sababu kila kilo hupandishwa kwa nguvu za miguu. Kwenye tambarare hesabu hugeuka: mpinzani mkuu hapo ni hewa, na eneo la mwili linalokabiliana na hewa haliongezeki kwa kiwango kilekile ambacho misuli, moyo na mapafu huongezeka. Mtu mkubwa aliyejikunja vizuri juu ya baiskeli hutoa nguvu nyingi zaidi kwa kila kipande cha hewa anachopasua. Miguel Indurain, Bradley Wiggins na Filippo Ganna, ambao wote wamewahi kuishika rekodi hii, ni watu warefu, ingawa wapo pia wafupi waliofanikiwa. Barabarani, maumbile kama hayo humfaa mtu katika mbio za kushindana na saa, ambamo kila mwendeshaji huanza peke yake na hakuna wa kujificha nyuma yake, na katika mbio za wiki moja au mbili zenye milima ya wastani.

Huko ndiko Sosenka alikopata ushindi wake mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliendesha katika timu ya Kipolandi ya CCC, na mwaka 2001 alishinda Tour de Pologne, mbio za kuizunguka Poland zilizoanzishwa mwaka 1928. Mwaka 2002 alishinda Mbio za Amani, na mwaka 2004 akaishinda Tour de Pologne kwa mara ya pili. Kuna jambo la wakati hapa ambalo mtu akilisahau atazikadiria vibaya mbio hizo. Mwaka 2005, yaani mwaka mmoja tu baada ya ushindi wake wa pili, Tour de Pologne iliingizwa katika ratiba mpya ya juu ya Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, na timu zote kubwa zikalazimika kupeleka watu wake huko. Poland aliyoishinda Sosenka ilikuwa bado mbio ya heshima ya ukanda wa Ulaya ya Kati, ambako timu za Wapolandi na za Wacheki zilikuwa nyumbani.

Mbio za Amani zinastahili maneno zaidi, kwa sababu nje ya ukanda ule wengi hawazijui. Zilianza mwaka 1948 kati ya Warsaw na Prague, na baadaye Berlin ikaongezwa, zikiandaliwa na magazeti ya vyama tawala vya nchi hizo. Nembo yake ilikuwa njiwa wa Picasso. Katika miongo ambayo nchi za kisoshalisti hazikuwa na waendesha baiskeli wa kulipwa, hizi ndizo zilizokuwa mbio zao kuu, na umati uliojipanga barabarani kuzitazama ulikuwa mkubwa mno. Jan Veselý, aliyeshinda mwaka 1949, alikuwa mtu ambaye kila mtoto wa Czechoslovakia alimjua. Baada ya mfumo ule wa siasa kuanguka, mbio zilifunguliwa kwa timu za kulipwa lakini zikakosa fedha na nafasi katika kalenda, na toleo la mwisho lilifanyika mwaka 2006. Sosenka basi alizishinda zikiwa jioni. Hata hivyo, kwa Mcheki kuandika jina lake katika orodha iliyo na jina la Veselý si jambo dogo, na nadhani nyumbani kwake ushindi huo ulieleweka kirahisi kuliko rekodi ya saa moja.

Sasa tuje uwanjani. Ili uelewe alichokifanya mwaka 2005 ni lazima urudi nyuma hadi Eddy Merckx. Mbelgiji huyo aliendesha kilomita 49.431 mjini Mexico City tarehe 25 Oktoba 1972, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 ambako hewa ni nyepesi. Kuanzia mwaka 1984, Francesco Moser alipoivuka kilomita 50 akitumia magurudumu yaliyozibwa kama sahani, rekodi ikageuka kuwa shindano la maumbo ya baiskeli na mikao ya mwili. Graeme Obree alikunja mikono chini ya kifua. Boardman mwaka 1996 alinyoosha mikono mbele kabisa na kufikia kilomita 56.375 mjini Manchester. UCI iliona kwamba haipimi tena watu pekee, na mwaka 2000 ikaigawa rekodi mara mbili. Alama zote zilizopatikana kwa vifaa vya kisasa zikahamishiwa kwenye orodha ya pembeni, na rekodi rasmi ikarudishwa kwa Merckx: anayeitaka aendeshe baiskeli ya fremu ya mabomba ya duara, magurudumu ya spoki, usukani wa kawaida, na kofia isiyochongwa kwa ajili ya upepo.

Boardman mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia alama ya Merckx kwa kanuni hizo. Tarehe 27 Oktoba 2000, mjini Manchester, aliendesha kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx, kisha akastaafu. Tazama tarakimu hizo mbili za mtu mmoja: 56.375 na 49.441. Umri ulikuwa umesogea kwa miaka minne, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya karibu kilomita 7 ni vifaa na mkao. Ndiyo maana mtu anayepanga orodha moja ya tarakimu bila safu ya kanuni atawachanganya wasomaji wake.

Sosenka alikwenda Moscow, kwenye uwanja wa Krylatskoye uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki za mwaka 1980, tarehe 19 Julai 2005. Wakati huo alikuwa katika timu ya Kiitaliano ya Acqua & Sapone. Njia ya Krylatskoye ni ya mbao na ina urefu wa mita 333.33 kwa mzunguko, ndefu kuliko ile ya mita 250 ambayo ndiyo ya kawaida katika viwanja vingi vya leo. Kilomita 49.700 ni mizunguko 149 na kidogo, na kila mmoja humalizika kwa wastani wa sekunde 24 hivi. Alimpita Boardman kwa mita 259, ambazo hazitimizi hata mzunguko mmoja wa uwanja ule. Moscow, tofauti na Mexico City, haina mwinuko wa kumsaidia mtu. Hewa yake ni nzito kama ya miji mingi ya tambarare za Ulaya.

Kuhusu baiskeli, uliyosoma ni kweli. Ilikuwa na uzito wa kilo 9.8, na gurudumu lake la nyuma peke yake lilikuwa na kilo 3.2. Baiskeli ya Merckx ilikuwa chini ya kilo 6, ikiwa imetobolewa matundu kila palipowezekana ili kupunguza gramu. Watu wawili waliofanya jaribio lilelile kwa kanuni zinazofanana walielekea pande mbili kinyume kabisa, na wote wawili wakaishika rekodi, jambo ambalo tayari linakuambia kwamba uzito hauamui mambo katika uwanja tambarare. Nia ya gurudumu zito ilikuwa kulifanya lihifadhi mwendo, ili kasi isishuke pale mguu unapolegea kidogo.

Naomba tuikague nia hiyo kwa hesabu, maana hadithi hii husimuliwa mno kana kwamba ni siri ya ushindi. Gurudumu la kawaida la uwanjani lina uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo hapa kuna ziada ya kilo 2. Ikiwa ziada yote iko kwenye rimu, ugumu wake wa kubadilishwa kasi ni sawa na wa kilo 4, kwa sababu rimu husonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Tukichukulia kwamba mtu na baiskeli kwa pamoja walikuwa na kilo 90, nyongeza hiyo haifiki asilimia 5. Kuifikisha kwenye kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde kunahitaji joule 380 hivi, ambazo mtu anayetoa wati 400 huzitoa ndani ya sekunde moja. Gharama basi ni sekunde moja mwanzoni, na faida ni utulivu mdogo wa kasi kwa muda uliobaki. Kwa mtu anayekanyaga kwa mpangilio sawa, kama Sosenka alivyopaswa kukanyaga, utulivu huo hauongezi mita za kuhesabika. Huenda ulimsaidia kuhisi mdundo ambao hauyumbi, na katika jaribio la kuchosha akili namna hii hilo lina thamani yake, lakini mita 259 hazikutoka kwenye rimu.

Kilichonivutia zaidi katika baiskeli ile ni mikono ya pedali na gia, ambavyo havizungumzwi sana. Mikono yake ilikuwa ya milimita 190, wakati watu wengi hutumia kati ya 170 na 175. Gia ilikuwa meno 54 mbele na 13 nyuma, ambayo kwa gurudumu la kawaida huisogeza baiskeli takriban mita 8.7 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukigawa umbali wote, unapata mizunguko 95 hivi kwa dakika. Merckx, kwa gia nyepesi ya 52 kwa 14, alizungusha zaidi ya mara 100. Mtu akitazama juujuu atasema Sosenka alikanyaga polepole kwa nguvu nyingi. Lakini mkono mrefu huufanya mguu uchore duara kubwa zaidi: mguu unaozungusha milimita 190 mara 95 kwa dakika husafiri kwa kasi ileile ya mguu unaozungusha milimita 175 mara 103. Kwa maneno mengine, kwa kadiri misuli inavyohisi, kasi yake haikuwa mbali na ya Merckx. Aliikuza mashine nzima ili ilingane na urefu wa mapaja yake. Hapo ndipo naona akili ya maandalizi, kuliko katika lile gurudumu la kilo 3.2 ambalo waandishi wamelipenda.

Mbona basi hakutokea mtu wa kumpita hadi mwaka 2014? Rekodi ya saa moja humtaka mwendeshaji atenge wiki nyingi za mazoezi ya uwanjani, na wiki hizo hutoka katika msimu wa barabarani ambao ndio unaomlipa. Kabla ya mwaka 2000, gharama hiyo ilifidiwa na watengenezaji wa baiskeli, ambao waliweza kuonyesha ulimwengu chombo kipya na kukiuza. Kanuni za mwaka 2000 ziliwanyima hilo. Hakuna kampuni iliyokuwa na hamu ya kutangaza bidhaa zake mpya kwa baiskeli ya mabomba ya duara ambayo dukani haipo na ambayo haitumiki katika mbio nyingine yoyote. Mwendeshaji naye aliitazama hesabu: akifanikiwa, atakuwa amempita Mcheki ambaye watazamaji wengi hawamjui, akishindwa, magazeti yataandika kwamba ameshindwa na mtu huyohuyo. Ni hesabu mbaya kwa bingwa. Fabian Cancellara wa Uswisi, ambaye kwa kizazi chake alikuwa hodari wa kushindana na saa, alianza maandalizi ya kuiendea kwa kanuni za zamani, lakini kanuni zilipobadilishwa akapoteza hamu.

Mabadiliko hayo yalikuja Mei 2014. UCI iliondoa mgawanyo, ikaruhusu baiskeli yoyote iliyo halali katika mbio za uwanjani za kufukuzana, na ikasema alama ya kuvunjwa ni kilomita 49.700 za Sosenka. Matokeo yalionekana papo hapo. Tarehe 18 Septemba mwaka huohuo, Jens Voigt, Mjerumani aliyekuwa ametimiza miaka 43 siku moja kabla, aliendesha kilomita 51.110 huko Grenchen, Uswisi. Mwezi uliofuata Matthias Brändle wa Austria akafika 51.852. Mwaka 2015 rekodi ilivunjwa mara tatu, na Rohan Dennis, Alex Dowsett na Wiggins, aliyefika 54.526 mjini London. Tangu Oktoba 2022 inashikiliwa na Ganna kwa kilomita 56.792. Alama iliyosimama miaka 9 ilipitwa na watu watano ndani ya miezi 9, kati yao mzee aliyekuwa akiaga mchezo. Sioni ushahidi ulio wazi zaidi kwamba ukimya ule ulitokana na kanuni. Kwa upande mwingine, usimlinganishe Sosenka na Voigt kwa tarakimu zao tupu, maana Voigt alikuwa na usukani wa kuegemea mikono mbele, gurudumu lililozibwa na kofia iliyochongwa, na hivyo vyote Sosenka alikatazwa.

Limebaki suala la dawa, ambalo umeliuliza kwa uangalifu na ambalo nami nitalijibu hivyohivyo. Katika mashindano ya ubingwa wa taifa wa Cheki ya kushindana na saa mwaka 2008, vipimo vyake vilionyesha methamfetamini, ambayo ni kichangamshi kilichopigwa marufuku. Kazi yake ya kulipwa iliishia hapo. Kichangamshi cha aina hiyo hufanya kazi kwa saa chache na huonekana katika mkojo kwa siku chache tu. Kwa hiyo kipimo cha mwaka 2008 hakithibitishi lolote kuhusu Julai 2005, wala hakikanushi lolote. UCI haikuifuta rekodi, na mwaka 2014, ikiwa na habari yote ya mwaka 2008 mezani, iliitambua tena kama alama ya kuanzia. Msimamo wangu ni kwamba mtunza orodha hana mamlaka ya kufuta kile ambacho shirikisho limekitambua, lakini hana pia sababu ya kuificha habari iliyo wazi kwa umma. Anayetaka kumhukumu mtu kwa hisia kuhusu miaka ile atajikuta akikata majina mengi katika orodha hiyo, na hatajua pa kuishia.

Umeuliza pia kwa nini hatajwi pamoja na mabingwa. Hata kwa vipimo vya nyumbani kwao, waliomfuata walipanda juu zaidi yake barabarani: Roman Kreuziger alishinda Tour de Suisse mwaka 2008 na Amstel Gold Race mwaka 2013, Leopold König alikuwa miongoni mwa 10 bora wa Tour de France mwaka 2014, na Zdeněk Štybar alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za matopeni mara tatu kabla ya kushinda Strade Bianche mwaka 2015. Sosenka hana ushindi wa aina hiyo. Ana Poland mara mbili, Mbio za Amani mara moja, na saa moja ya Moscow ambayo hakuna Mcheki mwingine aliyewahi kuwa na mfano wake.

Kwa orodha yako, basi, nakushauri uongeze safu moja ya kanuni: Merckx, Boardman wa mwaka 2000 na Sosenka wakae pamoja chini ya kanuni za baiskeli ya kawaida, Moser, Obree, Indurain, Tony Rominger na Boardman wa mwaka 1996 wawe na safu yao, na kuanzia Voigt uanze kundi jipya. Mbele ya jina la Sosenka andika kilomita 49.700, Moscow, 19 Julai 2005. Habari ya mwaka 2008 iweke katika maelezo ya chini, kwa sentensi moja, ukitaja mashindano ambako kipimo kilichukuliwa, ili msomaji asidhani ni kipimo cha siku ya rekodi.